Kulilisha friji la tela umeme ukiwa safarini: mwongozo kamili

Samaki tuliwanunua soko la Deep Sea alfajiri, changu wabichi, macho yao bado yanang'aa. Friji lilikuwa limelala usiku kucha kwenye umeme wa TANESCO pale nyumbani Chumbageni, Tanga, na barafu imeshika. Tukafunga tela nyuma ya Hilux, tukashika njia: Muheza, Segera, Korogwe, tupande Lushoto kwa shemeji tupige hema siku tatu. Mombo tukasimama kunywa chai. Mke wangu akaenda kufungua friji achukue maziwa, akasimama pale akinitazama. Siagi ilikuwa imekuwa mafuta ya kupikia.

Na taa ya friji inawaka, kijani, kama vile hakuna neno.

Nikatoa mita. Kwenye betri ya gari, injini ikiwa inaunguruma, volti 14.1. Kwenye nyaya zinazoingia kwenye friji, volti 10.6. Volti tatu na nusu zilikuwa zimepotelea njiani kati ya boneti na tela. Waya niliyotumia ilikuwa ya milimita 1.5 za mraba, mabaki ya waya za taa za nyumba, na aliyeifunga ni mimi mwenyewe, fundi umeme wa magari. Mganga hajigangi.

Tangu siku ile, mtu akiniletea tela akasema friji lake bovu, siligusi friji kwanza. Napima waya. Mara nyingi kazi inaishia hapo hapo. Mwongozo huu unafuata njia hiyo: kwanza ujue friji lako linakula nini, halafu gari lako linatoa nini, halafu tujenge barabara ya kupitisha umeme kati yao.

Jua friji ulilonalo

Matela ya kambi yanayokuja yamekwisha kutumika Ulaya au Afrika Kusini mengi yana friji la njia tatu: gesi, volti 230 za nyumbani, na volti 12 za gari. Halina kompresa. Ndani yake kuna hita inayochemsha mchanganyiko wa amonia na maji, na mzunguko huo ndio unaoleta baridi. Ndiyo maana liko kimya kabisa. Upande wa volti 12, hita hiyo inavuta wati 120 hadi 180, yaani ampea 10 hadi 15, na kwenye mafriji mengi inavuta mfululizo bila kupumzika, kwa sababu kidhibiti joto hakifanyi kazi kwenye volti 12. Jambo moja watu hawaambiwi wanapouziwa: volti 12 kwenye friji la aina hii zimewekwa za kutunza baridi iliyopo. Ukiweka soda za moto asubuhi ukategemea kuzinywa baridi ukifika Korogwe, utakunywa soda za moto.

Hita haina huruma na volti pungufu. Nguvu yake hushuka haraka kuliko volti zenyewe, kwa mraba wake. Hita yangu ya wati 175 ilipopata volti 10.6 badala ya 12, ilibaki na wati kama 137. Ndani ya tela lililofungwa, jua la saa sita, wati hizo hazitoshi.

Aina ya pili ni friji la kompresa la volti 12 na 24, hili la kisasa linalofanana na sanduku au kabati dogo. Kompresa ikizunguka inavuta wati 45 hadi 60, kama ampea 4 au 5, kisha inazima baridi ikitosha. Kwa joto letu la pwani weka hesabu kwamba itazunguka nusu ya siku. Hapo ni kama ampea-saa 54 (ampea mara saa) kwa siku nzima. Friji hili lina ulinzi wa betri: volti zikishuka chini ya kiwango fulani linajizima. Waya ikiwa nyembamba, kompresa inapoanza kuzunguka volti zinaporomoka, friji linajizima, volti zinapanda tena, friji linajaribu tena. Tik, kimya, tik, kimya, safari nzima. Mwenye friji anadhani kompresa imekufa.

Aina ya tatu ni friji la kawaida la nyumbani lililowekwa kwenye tela na inveta, kifaa kinachogeuza volti 12 za betri kuwa 230 za nyumbani. Nimeyaona, yanafanya kazi, lakini silipendekezi. Kompresa ya nyumbani inapowaka inavuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida, kwa hiyo unahitaji inveta kubwa kuliko wati zilizoandikwa kwenye friji, na inveta yenyewe inakula sehemu ya umeme bure. Halafu friji hilo halikutengenezwa kwa matuta. Ukilazimika, weka inveta karibu kabisa na betri ya tela, upeleke umeme wa 230 kwenye friji. Usipitishe volti 12 mita nane kutoka mbele hadi kwenye inveta.

Gari linatoa nini

Alteneta, ile mashine inayozungushwa na injini kuchaji betri, ikiwa na afya inatoa volti 13.8 hadi 14.4 kwenye betri. Pima injini ikizunguka, taa na feni vikiwa vimewashwa. Ukipata chini ya 13.5 kwenye gari la zamani, shughulikia mkanda na alteneta kabla ya kununua hata mita moja ya waya.

Magari mapya mengi yana alteneta inayoongozwa na kompyuta. Inachaji sana unapoinua mguu kwenye pedali ya mafuta, kisha inapunguza hadi volti 12 na kitu betri ikishajaa, ili gari lile mafuta kidogo. Kwa mwenye friji hiyo ni balaa. Utaijua kwa kuendesha nusu saa huku abiria anasoma mita. Volti zikicheza kutoka 14 na kitu hadi 12.4, gari lako ni la aina hiyo, na dawa yake ni chaja ya betri kwa betri, ile mafundi wanaiita DC-DC, ambayo nitaieleza mbele.

Lori na baadhi ya magari ya dizeli yana volti 24. Friji la kompresa la 12/24 halijali. Hita ya friji la njia tatu ya volti 12 ukiipa 24 inaungua, na si kwa mfano wa maneno. Hapo tafuta kipunguza volti chenye uwezo wa ampea 20 au zaidi.

Sasa plagi ya tela. Ile ya pini saba ya kawaida ina kazi zake: indiketa mbili, taa za nyuma mbili, breki, taa ya ukungu, na ethi, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye hasi. Hakuna pini ya friji. Nimekuta matela zaidi ya moja ambayo fundi aliunga friji kwenye waya wa taa ya nyuma. Friji linafanya kazi usiku tu, na siku moja fyuzi ya taa inakatika ukiwa gizani na tela nyuma. Ukikuta hivyo, kata. Plagi ya pini 13 ina nafasi ya friji: pini ya 9 ni umeme wa kudumu na ethi yake ni ya 13, pini ya 10 ni umeme wa swichi ya funguo na ethi yake ni ya 11. Lakini waya zinazoingia humo kwa kawaida ni za milimita 2.5, na kwa friji la njia tatu mimi sitaki kuzitegemea. Napitisha njia ya pekee yenye plagi ya Anderson ya ampea 50, ile ya kijivu yenye midomo miwili ya kufanana. Acha taa zikae na taa, friji likae na lake.

Soketi ya sigara sahau. Mguso wake ni wa springi, unatikisika, unapata moto.

Hesabu ya waya

Hapa ndipo palipo na kazi, kwa hiyo tukae kidogo.

Chukua urefu wa njia kutoka betri ya mbele hadi kwenye friji, kwa mita, ukifuata chasisi na kona zake zote. Zidisha kwa mbili, kwa sababu umeme unakwenda na kurudi. Zidisha kwa ampea. Zidisha kwa 0.0175. Kisha gawa kwa ukubwa wa shaba katika milimita za mraba. Jibu ni volti utakazopoteza.

Pikapu na tela la kawaida hazipungui mita 8. Friji la njia tatu liweke ampea 15. Mbili mara 8 mara 15 mara 0.0175 ni 4.2. Sasa gawa. Waya ya 1.5 inapoteza volti 2.8. Ya 2.5 inapoteza karibu 1.7. Ya 4 kama volti moja kamili. Ya 6 inapoteza 0.7, ya 10 inapoteza 0.42, ya 16 inapoteza 0.26. Kwenye safari yangu ya Mombo friji lilikuwa linavuta ampea kama 13, waya peke yake ikala volti 2.4, na ile moja iliyobaki ililiwa na viungo vya kusokotwa kwa mkono na ethi niliyoifunga kwenye boliti yenye rangi.

Mimi nikiwa na friji la njia tatu siendi chini ya milimita 10 za mraba. Kwa friji la kompresa peke yake 6 inatosha. Ukiweka DC-DC ya ampea 25 au zaidi, nenda 16.

Dukani uwe macho. Kwanza, baadhi ya maboksi yameandikwa 6 mm, na hiyo 6 ni unene wa waya pamoja na ganda lake. Shaba ya ndani ni ndogo zaidi. Uliza milimita za mraba, na ukiweza kata ncha uitazame. Pili, kuna waya za aluminiamu zilizopakwa shaba juu. Kwangua nyuzi moja kwa kisu: ikitoka nyeupe, rudisha. Aluminiamu inapitisha umeme kidogo kuliko shaba, na kwa hewa yetu ya chumvi inaoza kwenye viungo kabla mwaka haujaisha. Kama unakaa karibu na bahari, Raskazone au Sahare, tafuta waya ya boti, ile ambayo kila uzi umepakwa bati. Bei yake inauma mara moja.

Kufunga, hatua kwa hatua

Chomoa hasi ya betri kwanza. Si adabu tu. Spana ikigusa chanya na bodi kwa pamoja utaona cheche ambazo hutazisahau.

Anza na fyuzi. Ikae ndani ya sentimita 30 kutoka kwenye chanya ya betri, kwa sababu kazi yake ni kuilinda waya, na kipande chochote kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Kwa waya ya milimita 10 weka fyuzi ya ampea 40. Tumia fyuzi ya kukaza kwa nati au ya blade kubwa, siyo zile za kioo za redio.

Baada ya fyuzi inakuja swichi ya kujiendesha, kitu kitakachokata friji injini ikizimwa. Hii ni lazima kwa friji la njia tatu. Ampea 15 kwa saa mbili ni ampea-saa 30, na betri ya gari ya 70 ikishapoteza hizo, kuwasha dizeli asubuhi ni bahati nasibu. Njia ya bei nafuu ni relei ya kawaida ya ampea 40: pini 30 inapokea kutoka kwenye fyuzi, 87 inakwenda kwenye tela, 85 inakwenda ethi, 86 inapata umeme wa swichi ya funguo. Kasoro yake, funguo ikiwa mahali pa redio na injini imezimwa, friji bado linanyonya. Watoto wakikaa garini wanasikiliza muziki wakati nyinyi mnakula Segera, betri inaondoka. Njia bora zaidi ni relei inayosoma volti. Inaunganisha njia betri ikifika kama 13.3, dalili kwamba alteneta inachaji, na inaikata ikishuka kama 12.8. Haitaki waya wa funguo wala kumbukumbu ya dereva. Kwenye magari yale yenye alteneta ya kompyuta relei hii inachanganyikiwa, inaunganisha na kukata safari nzima, usiiweke huko.

Pitisha waya chini kwa kufuata chasisi, mbali na ekzosi na shafti, ndani ya bomba la plastiki la kukunjika. Kila inapopita kwenye tundu la bati, weka pete ya mpira. Funga kila sentimita 30 au zaidi kidogo. Barabara ya kwenda Pangani itakuonyesha ni wapi hukufunga.

Sasa waya wa kurudi. Usitegemee hoki ya tela ikurudishie umeme. Ile bola imejaa grisi na inacheza. Pitisha waya wa hasi wa ukubwa ule ule kutoka kwenye friji hadi kwenye hasi ya betri ya gari. Ni pesa mara mbili, najua. Lakini zile volti moja moja zinazopotea bila maelezo, ukizifuata, nyingi zinaishia kwenye ethi.

Vichwa vya waya vibanwe kwa koleo lake maalumu, lile la mkono mrefu, halafu vivalishwe mpira wa kusinyaa kwa moto. Nyundo haibani kichwa cha waya, inakibonda. Kwenye plagi ya Anderson weka kifuniko upande wa gari, maana vumbi na maji ya gurudumu vinaingia humo moja kwa moja.

Kama friji lako ni la njia tatu, unaweza kuishia hapo: waya inaingia tela, inapita fyuzi ya ampea 20, inaingia kwenye friji. Kama ni la kompresa, weka betri ndani ya tela, vinginevyo gari likizimwa nawe unalala njaa ya baridi. Betri ya AGM (ya risasi, iliyozibwa, isiyoongezwa maji) ya ampea-saa 100 usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 50 tu mkononi, siku moja pungufu kidogo. Ya lithiamu ya ukubwa huo inakupa 80 bila wasiwasi, lakini haitaki kuungwa moja kwa moja na alteneta, maana inavuta mkondo mkubwa mpaka alteneta inachemka. Hapo ndipo DC-DC inapopata kazi. Inapokea volti zozote zinazofika, hata zikiwa 12.5 zilizochoka, inazipandisha na kuchaji betri ya tela inavyotakiwa. Ifunge ndani ya tela, karibu na betri ya tela, penye hewa. DC-DC ya ampea 20 kwa saa tatu za kuendesha, Tanga hadi Mombo na tela nyuma, inaweza kurudisha hadi ampea-saa 60, ukitoa kile friji linachokula njiani. Betri ya tela nayo ipate fyuzi yake karibu na chanya. Waya hii ina betri pande zote mbili, ikichubuka katikati moto unaweza kutoka upande wowote.

Betri ya maji usiifungie ndani ya tela pamoja na watu. Ikichajiwa inatoa gesi inayolipuka. Ipe sanduku lenye tundu la kutoka nje, mbali na mtungi.

Na tukitaja mtungi: gari likitembea, gesi ifungwe kwenye mtungi wenyewe. Friji la njia tatu kwenye gesi ni mwali wa moto ulio wazi ndani ya sanduku, na wewe unaingia nao kituo cha mafuta. Wapo wanaosema wamefanya hivyo miaka kumi. Sitabishana nao, sitasafiri nao pia.

Jaribio la nyumbani

Washa injini, washa friji, subiri dakika kumi. Pima volti kwenye betri, kisha kwenye plagi ya Anderson, kisha kwenye nyaya za friji lenyewe, lote likiwa linafanya kazi. Kupima friji likiwa limezimwa hakukuambii kitu. Bila mzigo hata waya ya simu itaonyesha volti 14. Tofauti kati ya betri na friji ikizidi volti 0.7, tafuta mwizi. Chukua kipande kirefu cha waya, unganisha mguu mmoja wa mita na hasi ya betri, mwingine gusa hasi ya friji. Hapo utasoma hasara ya upande wa kurudi peke yake. Fanya vilevile upande wa chanya. Baada ya nusu saa pitisha mkono kwenye viungo vyote. Kiungo cha uvuguvugu mkali kimejitaja chenyewe.

Nilipofunga upya tela langu kwa waya ya 10, betri ikiwa 14.1, friji lilisoma 13.5.

Siku ya safari

Washa friji kwenye umeme wa nyumbani siku moja kabla, na friji la njia tatu liwe limekaa sawasawa, halipendi kuegama likiwa limesimama. Likitembea mtikisiko unalisaidia, lakini ukiegesha kwenye mteremko kwa saa nyingi mzunguko wa ndani unakwama. Weka vitu vilivyokwisha poa. Chupa mbili tatu za maji zilizoganda zinafanya kazi kubwa kuliko marekebisho yoyote ya kidhibiti joto. Samaki watolewe utumbo kwanza, wakae kwenye barafu, chini, karibu na sahani ya baridi, lile bati la ndani linalopoza. Mama mkwe wangu anatumia insulini, nayo inataka nyuzi 2 hadi 8 na haitakiwi kuganda, kwa hiyo inakaa mlangoni ndani ya kikopo, mbali na sahani hiyo.

Matundu ya hewa ya friji nyuma ya tela yasizibwe na turubai. Mkisimama kula, egesha upande wa matundu uwe kivulini. Friji la njia tatu likizimika nusu saa si kitu, mradi mlango haufunguliwi kila mtoto akikumbuka juisi. Kwenye foleni usiku, taa zote zinawaka na injini iko sailensa, inazunguka polepole bila kukanyagwa mafuta, alteneta inatoa kidogo. Usishangae mita ikishuka. Kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, kilomita 33 za kona, injini inazunguka kwa nguvu na umeme unatosha. Juu huko Soni hewa imeshapoa na friji linapumua.

Mkifika, badili: friji la njia tatu kwenye gesi au umeme wa nyumba, la kompresa kwenye betri yake. Paneli ya sola ya wati 100 inakupa kama ampea 5 jua likiwa utosini, inatosha kusukuma siku, haitoshi kuziba kosa la waya. Chomoa Anderson hata kama una relei nzuri, maana relei nayo ni chuma na chuma hukwama.

Ukirudi Tanga, suuza plagi kwa maji yasiyo na chumvi, ikauke, paka grisi ya umeme kidogo kwenye midomo yake. Mimi huacha mita kwenye mfuko wa mlango wa gari, na kila safari nasimama Segera nipime mara moja. Shemeji hunicheka. Mwezi uliopita ilisoma 12.9, nikakuta boliti ya ethi imelegea.